Ubao Usiopakwa Mafuta

Mbao ngumu za miaka hiyo zilitunza nyayo. Alfajiri, baridi ilipozibana, zilirudisha hatua za watu waliozikanyaga, ko, ko, ko, mpaka mlangoni.

Twilumba na mumewe, Fidelis, walichagua mninga kwa sakafu ya baraza lao kule Makete, kwa kuwa mbao za msonobari ziliwaozea ndani ya miaka miwili. Sasa Fidelis alikuwa ametimiza mwaka kaburini, na kila alfajiri hatua zake bado zilirudi nyumbani.

Lakini mninga ulikuwa umekauka, ukaanza kupasuka. Ulihitaji msasa na mafuta kabla ya barafu ya Juni, na mafuta yalifuta nyayo zote.

"Paka tu, mwanangu," alisema mama mkwe. "Mjukuu wangu Tusekile anatambaa hapa. Unataka mtoto achomwe na vibanzi kwa ajili ya kelele?"

"Ni kelele za mwanao, mama."

"Nazijua. Tangu utotoni alikanyaga kama anayegombana na sakafu."

Wakacheka, wakalia kidogo, wakapaka. Ubao mmoja tu, ule wa mlangoni, Twilumba aliuacha mkavu. Mama mkwe aliuona, akafunika kopo la mafuta.

Asubuhi ya barafu ya kwanza baraza lilikuwa imara, linang'aa, kimya. Kisha ubao wa mlangoni ukalia.

Ko.

Tusekile, aliyeanza kusimama wiki ile, alishika fremu ya mlango akatega sikio. Twilumba alimwita aje anywe uji. Hakugeuka. Alikuwa anasubiri hatua ya pili.