Séraphine Anakwenda Sinema

Séraphine alivua kitenge cheusi nyuma ya nyumba ya rafiki yake Généreuse, akakikunja taratibu, akakificha ndani ya kikapu. Kisha akajifunga kitenge cha kuazima chenye maua ya manjano. Mumewe hakuwa amemaliza hata mwaka kaburini, tangu lori la pareto lilipopinduka naye karibu na ziwa la Lac Vert. Kwenye kitambulisho aliandikwa Nsanzimana, maana serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, lakini nyumbani alibaki Florent.

Na mjane wake alikuwa anakwenda sinema.

"Mbona unaharakisha hivi?" Généreuse alimwuliza njiani. Alikuwa mwanamke wa Bukavu, amehamia Goma baada ya Florent kufa. "Kwanza wataonyesha ile filamu ya serikali, ya mashamba. Hakuna mutu anaiangaliaka."

"Nataka kukaa mbele," Séraphine alisema.

Kabla ya kufiwa hakuwa ameona filamu hata moja. Sasa alikuwa na maoni juu ya kila moja. Alilelewa katikati ya ng'ombe milimani Masisi, kwa hiyo filamu ya wale wazungu wachunga ng'ombe ilimuudhi sana: watu wanapigana risasi kutwa nzima, na hakuna hata mmoja anayekamua. Ya Wahindi ilikuwa nzuri, ila hakuelewa mwanamke anawezaje kuimba kwenye mvua mpaka nguo zimgande mwilini, halafu asikohoe. Ile ya mapenzi kutoka Ulaya ilimtia haya. Kijana alimbusu msichana kabla hata ya kuwaamkia wazazi wake.

"Na yule tajiri wa filamu ya leo, ulionaje namna alikufa?" Généreuse aliuliza wakirudi.

"Alikufa?"

Généreuse akacheka. "Sasa wewe unaendaka kule kufanya nini?"

Séraphine akaharakisha kwenda kuvaa tena kitenge cheusi.

Nyumbani Murara, mama mkwe wake, Mukabalisa, alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Florent alikuwa mtoto wake wa pekee. Tangu amzike, alikula akipewa, akalala akiambiwa.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa Généreuse, mama. Nilimusaidia kufua."

"Ni vizuri." Mikono ya Mukabalisa ikasimama juu ya ungo. "Leo nilijaribu kukumbuka uso wa mutoto wangu. Ulikataa kuja."

Séraphine alikimbilia jikoni kana kwamba chungu kinaungua. Hakukuwa na chungu motoni. Alisimama pale, maua ya manjano yakimchoma kama bado ameyavaa.

Siri haikudumu. Jumapili moja, baada ya misa, Mukabalisa alimwita ndani akafunga mlango.

"Wanasema unaendaka sinema, na kitenge cha maua."

Séraphine akapiga magoti. Alijua wajane waliorudishwa kwao kwa makosa madogo kuliko hilo. "Unisamehe, mama."

"Iko nini kule, hata uache kilio?"

Angeweza kusema ukweli wote saa ile. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini kilichotoka ni habari za wale wachunga ng'ombe, bastola zao, kofia zao, na ng'ombe wao wasiokamuliwa.

Mabega ya Mukabalisa yakaanza kutikisika. Séraphine alidhani analia.

"Hawakuwakamua hata kidogo?"

"Hapana, mama."

"Viwele vitapasuka. Wajinga wale." Alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akajipangusa macho. "Jumamosi tutaenda pamoja."

Séraphine akainuka upesi. "Mama, ni mbali. Benchi ni ngumu. Na moshi wa tumbaku."

"Maisha yangu yote nimekalia majiwe. Tutaenda."

Jumamosi ilipofika, Séraphine alichelewesha kila kitu. Aliweka maharagwe motoni wakati wa kutoka. Alitafuta kiatu ambacho alijua kiko wapi. Alimpitisha mama mkwe wake njia ndefu ya sokoni, akasimama kuwasalimu hata watu asiowapenda. Mukabalisa alifuata na fimbo yake juu ya mawe meusi ya volkano, akihema, bila kulalamika. Séraphine alisikia ile fimbo nyuma yake na kujichukia, lakini hakuharakisha.

Walikuta watu bado wamejaa nje. Mashine ilikuwa imegoma mchana kutwa, na ndiyo kwanza fundi ameifufua.

"Tumewahi," alisema Mukabalisa, akafurahi.

"Tukae nyuma, mama. Mbele macho yanauma."

"Haya yangu hayaonake mbali. Nipeleke mbele."

Taa zikazimwa. Shuka jeupe ukutani likawaka, na likatokea shamba la pareto, maua meupe hadi mlimani, watu wameinama na vikapu. Ukumbini kila mtu alikuwa anaongea na kutafuna karanga. Katikati ya maua yale, mwanamume mrefu akanyoosha mgongo, akatua kikapu, akafuta jasho, akacheka na mtu ambaye haonekani.

Mukabalisa akasimama.

Nyuma wakampigia kelele akae. Hakukaa. Alibaki wima, shingo ameinyoosha, mpaka yule mwanamume alipoinama tena na shamba likatoweka. Ndipo alipopapasa gizani, akaushika mkono wa mkwe wake, akaubana mpaka ukauma.

"Florent wangu," alisema. "Tangu lini unamuficha huku, umuone peke yako?"