Bunduki ya Kereama

Turoa aliulaza mtutu juu ya bega lake mwenyewe, mdomo ukitazama mbele na kitako kikining'inia nyuma ya mgongo. Akageuza kichwa kuona umepita wapi karibu na sikio lake. Kisha akairudisha bunduki juu ya kaunta kwa kishindo.

"Ndefu. Halafu nzito."

Ilikuwa ya nne hiyo. Clive, mwenye duka, alikikagua kwanza kioo cha kaunta yake, ndipo akamtazama mteja. Jitu zima, shingo nene, mabega yamejaa mlango, halafu linalalamikia kilo tatu!

"Hivyo ndivyo mnavyopiga huko kwenu? Bunduki mgongoni?" Clive alicheka. "Sikiliza, bwana. Kulungu hafi kwa kutekenywa. Chukua hii ya risasi kubwa. Hata ukimkosea kidogo, analala."

"Nimeshakwambia nataka risasi ndogo. Isiyopiga teke. Mtutu mfupi, na kiwambo cha kuzuia sauti."

"Ya mtoto, basi."

"Ya mtu mzima!" Turoa alifoka. Wateja wawili waliokuwa wakichagua visu waligeuka.

Nje honi ya gari ikalia. Piii! Ikanyamaza, ikalia tena, ndefu kuliko ya kwanza. Gari lenyewe, limejaa matope ya kijijini kwao Ruatahuna mpaka kwenye vioo, lilikuwa limeegeshwa mbele kabisa ya duka.

"Huyo naye atanitia wazimu," Turoa alisema akiuma meno. "Kaka yangu."

Jumamosi ukoo wote ungekusanyika kufunua jiwe la kaburi la baba yao. Na kwao, siku ya jiwe la mzee, nyama inayotangulia mezani ni ya kulungu wa mlima wa mzee mwenyewe, na anayempiga ni mtoto wake wa kwanza, kwa mkono wake. Mtoto wa kwanza ni Kereama, huyo huyo wa garini. Lakini binamu yao Pita alikuwa amezunguka nyumba hadi nyumba akisema Kereama amekwisha, heshima hiyo apewe yeye. Na hakuona haya, maneno hayo aliyasema jikoni kwa mama yao, huku anatafuna mkate wa mama yao! Tangu siku hiyo Turoa alikuwa halali vizuri kwa hasira.

"Kwani mnawinda mlima wa namna gani?" Clive aliuliza, sasa akijaribu kuwa mwema.

"Mbaya. Unavuka mto, unauvuka tena, halafu ni magenge matupu. Kuna mahali unapanda kwa kushika mizizi."

"Na mzigo anabeba nani?"

"Mimi."

"Wote?"

"Wote."

"Kaka yako je?"

"Yeye atapiga."

Clive akapiga kofi kaunta. "Loo! Mkubwa apige, mdogo awe punda! Kumbe ndiyo maana unahesabu gramu. Nikupe ushauri wa bure? Mgomee. Mwambie mwaka huu ajibebe mwenyewe."

Wale wa visu wakacheka. Turoa aliegemea kaunta mpaka uso wake ukawa karibu na wa Clive.

"Sema tena."

"Nimetania tu, bwana."

"Sikuja kutaniwa. Lete bunduki."

Clive aliingia nyuma, akatoka na kijibunduki kifupi cha risasi ndogo, kitako chepesi cha plastiki, kiwambo tayari mdomoni. Turoa akakipima mkononi. Akakilaza begani vilevile, akageuza kichwa. Safari hii mdomo wa mtutu ulipita sikio, na kitako hakikuning'inia tena nyuma ya mgongo. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, uso wake ulilegea.

"Hii."

"Haya. Leseni?"

Uso wa Turoa ukakazika upya.

"Leseni ni ya kaka yangu. Na bunduki ni yake."

"Basi aje mwenyewe."

"Nenda kamwone garini. Ni hapo tu."

"Bunduki haitoki mlangoni kabla sijaona leseni na mwenye leseni. Sheria siyo yangu. Kwani amechoka nini? Ngazi nne tu!"

"Ngazi zako nimeziona," Turoa alisema, akatoka.

Wakasikia mlango wa gari ukifunguliwa, kisha ugomvi.

"Nilikwambia tangu asubuhi lazima uingie!"

"Na mimi nilikwambia sitaki kukodolewa macho!"

"Basi nyama alete Pita!"

Clive akawakonyeza wale wa visu. "Kaeni mkao wa kula. Sasa tutamwona bwana mkubwa."

Mlango ulifunguliwa kwa teke. Turoa aliingia ameinama, anahema, mikono miwili imemzunguka kifuani. Juu ya bega lake palikuwa na uso wa pili, wenye mvi na hasira kumzidi, na kila upande wa kiuno chake mguu mmoja ulining'inia ndani ya suruali iliyopwaya, ukiyumba tu kila alipopiga hatua.

Kereama alinyoosha mkono akaweka leseni juu ya kaunta. Akaichukua bunduki, akapitisha mtutu kando ya sikio la mdogo wake, akalenga kichwa cha kulungu kilichotundikwa ukutani.

"Usitikisike," alisema.

"Wewe lenga," Turoa akamjibu. "Jumamosi Pita atakula nyama yako."