Kipimo cha Tatu

Bi Shemsa alilala kwa ubavu wa kushoto, futi yake ya kupimia nguo ameikunja kiganjani. Yustina, mpimaji wa moyo, alikuwa amemwomba aivue shingoni, mahali ilipokaa kutwa nzima, hata msibani.

"Vuta pumzi, mama. Toa. Usivute tena kwanza."

Kwenye skrini, valvu ya moyo iliyokakamaa ilifunguka kidogo mno, damu ikapenya kwa shida. Yustina aliweka alama, akasoma namba, akaifuta. Akapima tena. Akapima mara ya tatu.

"Njia imebaki nyembamba, siyo?" Bi Shemsa akauliza.

"Majibu atakupa daktari, mama."

"Mwanangu, nimeshona miaka arobaini. Kitambaa kikitosha, napima mara moja nakata. Nikirudia kupima, ujue kimepelea, na natafuta maneno ya kumwambia mwenye nguo."

Yustina alichukua karatasi laini. Alimpangusa jeli kifuani taratibu, akaendelea kupangusa hata palipokwisha kukauka.

Bi Shemsa akaketi, akafunga vifungo vya blauzi, kisha akamkabidhi ile futi.

"Mpelekee binti yangu hapo nje. Mwambie lile gauni la bibi harusi atalikata yeye."

Kwenye benchi la korido, Raziki aliuona mlango ukifunguliwa. Tangu azaliwe hakuwahi kuiona futi ya mama yake mkononi mwa mtu mwingine. Yustina alipomnyooshea, Raziki aliinuka polepole, akaificha mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo.