Korongo Aliyetia Chumvi Wingu

Enzi zile wanyama walipokuwa na mahakama yao, ukame uliikausha mbuga. Korongo, ndege mwenye maarifa, akachota chumvi ya ziwani kwa mdomo, akapaa na kuinyunyiza katika wingu lililokuwa likipita. Mvua ikamwagika. Wanyama wakamshangilia, naye akavimba kichwa.

Ndipo akaja mama Swala kutoka ng'ambo ya mlima, mbavu nje, akamshtaki kwa hakimu Tembo.

"Wingu lile lilikuwa likija kwetu. Wanangu wamekufa kwa kiu."

"Mawingu hayana mwenyewe," Korongo alijibu. "Nitakuletea jingine."

Akachota chumvi tena, akapaa juu kuliko alivyowahi kufika. Huko akaliona wingu limetanda hadi milima asiyoijua, radi zikitembea tumboni mwake, na chini yake mbuga zisizohesabika, zote zikingoja. Badala ya kuinyunyiza, akaimeza chumvi yote.

Alishuka taratibu, akamwinamia Swala. "Nisamehe, mama. Sikujua nilichokuwa nakigusa."

Tembo akaguna. "Nikuhukumu vipi? Sheria ya mawingu hatuna."

"Basi itungeni leo, mheshimiwa," Korongo akasema, "na wa kwanza kuhukumiwa niwe mimi."