Mkutano wa Beberu wa Kuwawezesha Majike

Beberu, mwenyekiti wa soko la wanyama, alipenda hotuba kuliko majani. Siku moja aliitisha mkutano wa kuwawezesha majike, maana sheria ya soko ilisema dume ndiye mwenye kibanda, na jike kazi yake ni kumuuzia tu.

Madume wakajaa ukumbini. Majike wakapelekwa jikoni kuwapikia makande.

Kanga, jike asiyesahau neno, akachungulia dirishani. "Mheshimiwa, na sisi tutasema lini?"

"Mtasema mkishapika, mama." Beberu akawageukia wajumbe. "Na tuheshimu kanuni niliyoitunga mwenyewe! Kengele ikilia, walioketi ndio mkutano. Aliye nje hana kura."

Batamzinga, ambaye hakuna kauli asiyoishangilia, akapiga makofi.

Beberu akawasifu majike mpaka saa saba mchana. Harufu ya makande ilipoingia, madume wakatoka mbio, kila mmoja na sahani yake. Majike wakaingia kufagia. Kanga akavitazama vile viti vitupu, akaketi, akawaambia wenzake nao waketi. Kisha akagonga kengele.

Beberu alirudi na maharage kwenye ndevu, akakuta azimio limeshapita: kibanda ni cha anayekifanyia kazi, na mwenyekiti ni Kanga.

"Nani kawaruhusu?" akafoka.

"Kanuni yako, Mheshimiwa."

Batamzinga akapiga makofi.

"Basi nipeni nafasi niseme!"

"Utasema, baba," Kanga akamjibu kwa upole, "ukishaosha masufuria."