Kitambaa cha Kompyuta

Tangu asubuhi kompyuta kuukuu ya Mwanakheri ilikuwa ikizimika kila mkanda wa harusi yake ulipokaribia pale marehemu mama yake anapoingia ukumbini.

"Wifi, nilikwambia mimi," alisema Saumu, dada wa mumewe, akiwa jikoni mbele ya televisheni ndogo iliyokuwa nyeusi tena. "Kurusha picha kutoka mashine moja mpaka televisheni zote za nyumba ni kazi ya mafundi kompyuta. Wewe fundi wa kufuma vitambaa!"

Mipangilio yote Mwanakheri alikuwa ameiweka mwenyewe kwa kufuata maelekezo kwenye simu, na alikuwa ameikagua mpaka macho yakamuuma. Akaenda sebuleni kuiwasha tena. Alipoinama, mkono wake ukagusa kitambaa cheupe alichoifumia kompyuta siku ileile ilipoingia ndani, kama alivyoifumia redio, jokofu na kila chombo cha heshima. Kilikuwa cha moto kama mfuniko wa sufuria.

"Masikini wee! Kumbe naipika!" Akacheka mpaka akakaa chini.

Akakiondoa. Mashine ikapoa, ikawaka, mkanda ukaendelea. Safari hii mama akaingia.

"Wifi! Mama huyu hapa!" Saumu alipiga kelele jikoni.

Televisheni hazikwenda pamoja. Kigelegele cha mama kilipasuka sebuleni, kikafuata jikoni, kisha chumbani. Mwanakheri alisimama katikati ya koridoo, kitambaa begani, hajui amkimbilie mama yake chumba gani.