Mifupa ya Mkaza Mwana

Siwema aligundua kwanza kwenye kanga: pindo lilianza kuburuzika sakafuni. Alikuwa amefupika tena. Sheria ilimtaka kila mkaza mwana amgawie mama mkwe wake mifupa, kidogo kidogo, kwa sindano ya kila mwezi. Bi Hadia, mama mkwe wake, ambaye Siwema alimkuta amepinda mgongo alipoolewa, sasa alisimama wima na kujishushia sufuria kutoka rafu ya juu.

"Kesho wauguzi wanachukua kwenye paja lako," alisema Bi Hadia. "Mbona kimya, mwanangu? Wenzako ulimi hauna mfupa, wako unao?"

Siwema alijishikiza ukutani, akakaa taratibu. Hata kupumua kulimchosha.

"Mama, nina mimba ya miezi mitatu," alisema. "Mtoto naye ameanza kudai mifupa. Itabidi mmoja wenu akose."